Karabini Iliyopakwa Wanja

Mke wangu alipoanza kukosa shabaha, hakumwambia mtu. Mimi nilijua kwa sababu ya chai. Kila Alhamisi jioni akirudi kutoka klabu, alikuwa anabandika birika kabla hata hajavua koti, na maji yakichemka ananisimulia risasi moja baada ya nyingine: hii ilikwenda pembeni kidogo, ile nilivuta pumzi vibaya, ya mwisho ungeiona ungecheka. Majira yale ya baridi akaanza kurudi na kupanda ngazi moja kwa moja mpaka chumbani. Birika nikawa nabandika mimi, na nakunywa peke yangu.

Nieleze kwanza ilikuwaje mwanamke wa Unguja, mama wa watoto watatu, akawa mpiga shabaha wa timu huko Hodge Hill, mashariki ya Birmingham. Mambo yalianzia kwenye kitasa. Mimi ni fundi wa funguo. Miaka ile duka langu lilikuwa Balsall Heath, chumba kimoja kilichobanwa kati ya mikahawa miwili, na koti langu lilinuka mchuzi wa kuku wa karai hata Ijumaa niliyotoka kulifua. Siku moja nikaitwa kubadilisha kitasa cha ukumbi mdogo wa klabu ya bunduki za upepo, karibu na kwetu. Ilikuwa Jumamosi, tulikuwa tunatoka sokoni, kwa hiyo mke wangu akaja nami na vikapu vyake.

Kapteni wa klabu alikuwa bwana wa makamo mwenye sweta la kijani lililotoboka viwiko. Hakupenda kumwona mtu amesimama mlangoni. Akamwambia mke wangu aketi, na alipoketi akamwekea karabini mezani kama mtu anavyomwekea mgeni sahani. Akamwita "bab", neno ambalo watu wa Birmingham humwita yeyote wanayemwonea upole.

"Ananiita baba?" mke wangu akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo desturi yao.

"Haya, leo nimekuwa baba," akasema, akaegemeza kitako cha bunduki begani kama alivyoonyeshwa.

Alipiga vidonge vitano, ndizo risasi za bunduki hizo. Kapteni akaenda kuchukua karatasi ya shabaha, akaitazama akiwa kule kule ukutani, akarudi polepole akiitazama bado. Akaniuliza mke wangu alijifunzia wapi. Nilimjibu kwamba hakujifunza popote, ila tangu utotoni anashona kofia. Nikajaribu kumweleza kofia zetu za kiua zilivyo: vitobo vidogo vidogo kwa mamia, kila kimoja kinazungushiwa uzi kwa sindano, na anayeshona hushusha pumzi kila sindano inapoingia. Kapteni akasema kama ni hivyo basi nchi nzima ya kina mama inapotea bure.

Karabini ni bunduki fupi tu. Ile ya kwetu, ambayo baadaye tuliinunua kwa mwanachama mmoja aliyestaafu, ilitengenezwa mjini humo humo kabla sisi hatujazaliwa. Haikutumia baruti. Unavuta mkono wa chuma ulio chini ya mtutu, springi inajikunja ndani, na ukifyatua, springi inasukuma hewa, nayo hewa inasukuma kidonge cha risasi kidogo kuliko punje ya dengu. Sheria ya wakati ule haikudai leseni kwa bunduki dhaifu kama hiyo. Ilidai akili: isibebwe wazi barabarani, na kidonge kisivuke ua wa jirani.

Maneno hayakukosekana. Kwenye harusi moja Ladywood, bibi mmoja wa Pemba alimuuliza mbele ya watu atamwinda nani na hiyo bunduki yake, njiwa wa sokoni Bull Ring?

"Njiwa hawana ubaya," mke wangu akamjibu. "Nawatafuta wenye midomo."

Meza nzima ilicheka, yule bibi akiwemo, na tangu siku hiyo akawa anauliza matokeo ya mechi.

Lakini ndani ya utani huo mlikuwa na jambo ambalo mimi nilichelewa kuliona. Katika mji ule mke wangu alikuwa wa watu. Shuleni alikuwa mama wa fulani. Dukani alikuwa mke wa fundi. Kwenye usafi wa ofisi, alfajiri, alikuwa yule dada wa ghorofa ya pili. Ukumbini alikuwa mpiga shabaha wa benchi la nne, na wenzake hawakuanza mpaka amevua koti. Ukumbi wenyewe haukuwa kitu. Sakafu ya mbao iliyopinda, hita mbili za kutundika zilizonuka vumbi, na mtungi mkubwa wa chai uliokuwa unavuja tone moja moja kwenye bakuli. Siku hizi pale ni ghala la magodoro. Nikipita na gari bado napunguza mwendo.

Basi, siku moja baada ya wiki nyingi za kunywa chai peke yangu, nilipanda ngazi nikamuuliza.

"Macho," akasema. "Yamezeeka kabla yangu."

"Kwa daktari wa macho umekwenda?"

"Nimekwenda. Kasema ni ya umri tu, kanipa miwani ya kusomea. Nikiivaa, bunduki naiona, shabaha inakuwa uji. Nikiivua, shabaha naiona, bunduki inakuwa uji. Sasa nichague uji upi?"

Akanieleza mengine taratibu, akikunja nguo za watoto ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa inakaribia. Alikuwa amemwambia kapteni ampe benchi la nne bwana mmoja mgeni aliyekuwa anangoja nafasi. Kapteni alikataa. Alimshauri ahamie kwenye darubini, kwa sababu mwenye darubini juu ya bunduki haangaiki na vichuma vya kulengea. Lakini watu wa darubini walikutana Jumatatu, watu wengine kabisa, na mke wangu hakuitaka.

"Darubini ikipiga, atakayesifiwa ni darubini," akasema. "Na kuonewa huruma miye sitaki. Alhamisi hii nikikosa tena, nampisha yule bwana. Na nikimpisha, sirudi."

Nilimwomba aniachie karabini mpaka Alhamisi. Akanitazama kwa lile jicho lake la kando.

"Fundi funguo, umeshafungua macho ya watu wangapi?"

Nikamjibu kwamba hata moja, ila kitasa sikijui mpaka nikifungue.

Jumapili asubuhi nikaitandikia meza ya jikoni taulo kuukuu, nikafunga jiliwa langu dogo ukingoni, hilo linaloshika chuma wakati unakikata, na nikapanga tupa zangu za funguo, kubwa kwa ndogo. Kama hujawahi kushika bunduki usihofu, jambo lenyewe ni jepesi. Juu ya mtutu, kule mwishoni, kuna kichuma kimoja kilichosimama. Nyumbani tulikiita jino. Nyuma, karibu na jicho lako, kuna kibamba chenye nafasi katikati. Tulikiita pengo. Kulenga ni kulipeleka jino katikati ya pengo, ncha yake sawa na kingo za pengo, kisha kulikalisha duara jeusi la shabaha juu ya jino kama chungwa juu ya kibao. Basi.

Ugumu uko kwenye jicho. Vitu ni vitatu, na viko mbali tofauti: pengo liko karibu, jino liko urefu wa mkono, shabaha iko mwisho wa ukumbi. Jicho haliwezi kuvishika vyote pamoja. Jicho changa linaruka haraka haraka kati ya vitatu hivyo, likakudanganya kwamba linaviona vyote. Jicho la umri wetu limechoka kuruka, na halioni aibu kukuambia. Dawa ni kuchagua. Ukichagua, chagua cha katikati. Jino likiwa kali, shabaha iwe na ukungu kidogo na pengo liwe na ukungu kidogo, utapiga vizuri. Nilimnunulia mke wangu miwani ya dukani yenye nguvu ndogo kuliko zote, si ile ya daktari ya kusomea gazeti. Akaivaa, akalenga ukutani, kisha akasema jino sasa analiona mpaka kovu lake.

Pengo lilikuwa taabu nyingine. Lilikuwa jembamba mno, limechongwa kwa macho ya vijana. Jino liliingia ndani yake likajaa, na huwezi kujua kama liko katikati usipoona mstari wa mwanga kila upande. Fikiria mlango: mtu mwembamba akisimama mlangoni unajua mara moja kama amesimama katikati. Akijaa mlango mzima, hujui kitu.

Ningeweza kulitia tupa lile lile la zamani. Sikufanya hivyo, na ninakushauri usifanye kamwe, iwe bunduki au ufunguo, kwa sababu chuma kikishaondoka hakirudi. Nilichukua bamba la kitasa kibovu, nikakata kipande kwa msumeno, nikatengeneza kibamba kipya. Nikakichonga pengo la mraba, pana zaidi, nikisugua mara mbili tatu, nikipima kwa jino, nikisugua tena. Kisha nikatengeneza kola ya chuma ya kuukumbatia mtutu, nikakifunga kibamba kwa skrubu mbali zaidi na jicho kuliko pale pa zamani, ili ukungu wake upungue. Kile cha zamani nilikifunga kwenye kitambaa nikakihifadhi. Yote hayo yalikubalika kwenye sheria za mechi. Kilichokatazwa ni kioo, na kitundu cha kuchungulia.

Bustani yetu ilikuwa nyembamba na ndefu, kama zilivyo za nyumba pacha zilizoungana ukuta za mtaa ule. Kule mwisho niliegemeza bamba zito la chuma kwenye ukuta wa kibanda, mbele yake sanduku lililojaa vitabu vya simu, na mbele ya sanduku karatasi. Vidonge vya kwanza vilipanda juu. Hilo nilikuwa nimelitaka: kibamba nilikiacha kirefu makusudi ili nipate cha kupunguza. Nikamfundisha mke wangu kanuni, naye akaiimba kama watoto wa chuo cha Kurani wanavyoimba herufi: nyuma ikipanda risasi hupanda, mbele ikipanda risasi hushuka. Nikapunguza kibamba, akapiga. Nikapunguza, akapiga. Mchana ulikuwa wa mawingu, ile nuru ya Birmingham ya kijivu isiyo na kivuli, na kufikia adhuhuri vidonge vilikuwa vinapita mle mle kilipopita cha kwanza.

Aliingia kuswali akitabasamu. Nami nikafagia mabaki ya chuma nikijiona fundi kweli.

Alhamisi nilikwenda naye. Aliketi kwenye benchi la nne, akalenga, akapiga, na vidonge vyote vikaenda kushoto. Vilikuwa vimekusanyika vizuri, kikundi kidogo cha kupendeza, ila kushoto. Nikasogeza kibamba kulia kidogo. Vikarudi katikati, kisha kundi la pili likaenda kushoto tena, safari hii zaidi.

Mke wangu akailaza karabini juu ya benchi kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Unaona?" akaniambia. "Chuma umekitengeneza, Mungu akupe kheri. Kilichobaki ni miye."

Akasimama, akamwendea kapteni. Nilisikia akimwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba yule bwana mgeni apewe benchi. Kapteni alijikuna kiwiko mle kwenye tundu la sweta. Akasema benchi hilo hatampa mtu. Litangoja mpaka Jumamosi ya wiki ile nyingine, saa nane mchana, mechi inapoanza. Kama anataka kumpisha mtu, ampishe mwenyewe, kwa mkono wake, siku hiyo.

Wakati wanazungumza, mimi nilikwenda kukaa mahali pake. Sikulenga kitu, nilitazama tu jino. Taa za ukumbi zilikuwa mirija mirefu, na mmoja ulipita juu ya ukuta wa kushoto, karibu kabisa na benchi la nne. Jino lile lilikuwa limeingia na kutoka kwenye mifuko kwa miaka mingi, kingo zake zimesuguliwa zikawa laini, na ukingo wa kushoto ulikuwa unang'aa kama gamba la samaki. Nyuma yake ilikuwa karatasi nyeupe. Weupe juu ya weupe. Jicho lilikuwa halioni jino zima. Lilikuwa linaona sehemu nyeusi tu, ile ya kulia, linadhani ndilo jino lote, na linaipeleka hiyo katikati ya pengo. Ukifanya hivyo mtutu wenyewe unakwenda kushoto bila wewe kujua. Bustanini, penye mawingu, jino halikuwa na upande uliong'aa.

Nilimweleza garini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani niliona nusu ya jino?"

"Nusu."

Tulipofika mlangoni akachukua mkoba wake. "Basi lipake rangi hiyo nusu," akasema, akaingia.

Haikuwa rahisi hivyo. Kwanza nilikirudisha kibamba mahali pake, na, nikivunja ushauri wangu mwenyewe, nikalichonga jino upya kidogo, pande zake zikasimama wima na ncha ikawa bapa. Kisha nikapaka rangi nyeusi. Rangi ilijikusanya kwenye kingo kama asali, ikalifanya jino liwe mviringo. Nikaifuta. Nikapaka kwa maka peni. Mchana ilionekana nyeusi, ila chini ya taa ya jikoni iling'aa zambarau kama shingo ya njiwa. Nikaifuta. Nikakumbuka kusikia habari za moshi, nikawasha viberiti vitatu pamoja chini ya jino. King'ora cha moshi kikalia nyumba nzima. Binti yetu mkubwa akateremka mbio, akatukuta mimi nakipepea king'ora kwa taulo na mama yake anafungua dirisha. Akatuambia kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili alikisikia ila alijibu kwa lugha ya mtaani kwao, kwamba kama tumeamua kuichoma nyumba tungengoja kwanza amalize kazi zake za shule.

Jino lilikuwa na madoa ya kahawia. Nikaketi. Mke wangu alikuwa ameegemea sinki, mikono kifuani.

"Weye unataka nini hasa?" akauliza. "Nieleze kama unavyowaeleza wateja."

Nikamwambia nataka kitu cheusi kisichong'aa, kisicho na unene, na kitakachoshika kwenye chuma.

"Hicho si wanja?"

Nikamtazama.

"Si wa dukani," akasema. "Wa kupika."

Bibi yake alikuwa anapika wanja wa mtaa mzima, kwa maharusi na kwa watoto wachanga. Mke wangu hakuwahi kuupika mwenyewe, aliketi tu pembeni akitazama, lakini mikono yake ilijua. Akatoa kisahani, akamimina mafuta ya nyonyo, yale aliyoweka kwa ajili ya nywele za watoto. Akasokota pamba ikawa utambi, akauwasha. Juu yake akafunika sahani ya udongo iliyoinamishwa juu ya vikombe viwili, ulimi wa moto ukawa unailamba chini polepole. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na baridi inaingia, sisi tumevaa makoti jikoni kwetu. Alipoigeuza sahani, palikuwa na duara la masizi laini kama bahameli. Sijapata kuona weusi wa namna ile. Macho yalikuwa yanazama ndani yake.

Akayakusanya kwa ncha ya kisu, akafungua kopo, akachota kitu kwa kidole kidogo, akakoroga, na kwa kijiti akalipaka jino mara moja, kwa mkono mmoja usiotetemeka, kama anayepaka jicho la bibi harusi. Kazi safi kabisa. Nikaliinua jino chini ya taa.

Liling'aa kuliko mwanzo.

Tulitazamana. Kisha mimi nikalitazama lile kopo. Ilikuwa samli.

Wanja wa jicho lazima uchanganywe na samli, ndiyo inayoushika kwenye ukope na kuupa ule mng'aro watu wanaousifu. Hakuna mwanamke wa kwao anayepaka masizi makavu. Mkono wake ulikwenda kwenye kopo bila kumuuliza.

"Umelirembesha," nikamwambia.

Akaanza kucheka, akakaa chini, akafunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu majira ya joto. Binti akapiga kelele kutoka juu akiuliza tumechoma nini tena.

Tukalisafisha jino kwa spiriti mpaka likakauka kabisa. Tukawasha utambi mara ya pili. Safari hii masizi makavu, hayakuguswa na kitu, yakapakwa kwa kijiti kikavu. Chuma kikapotea. Ilibaki umbo tu, jeusi, lenye kingo kali kama limekatwa kwa mkasi kwenye karatasi. Nililisogeza kushoto na kulia chini ya taa na halikubadilika. Nikapuliza, halikutoka. Ila nilipoligusa kwa kidole, kidole kikawa cheusi na jino likawa la chuma tena. Ndivyo tulivyojua kwamba haliwezi kupakwa nyumbani likasafiri kwenye mfuko. Lazima lipakwe pale pale, mbele ya watu, kabla ya risasi ya kwanza.

Nilimuuliza kama yuko tayari kwa hilo. Aliyafunga masizi kwenye kijaluba kidogo cha shaba, akakitia kwenye mkoba.

Jumamosi ile ukumbi ulijaa. Timu ya wageni ilikuwa imekuja na wake na waume na keki. Yule bwana aliyengoja nafasi alikuwepo, mtu mpole, amesimama karibu na hita na koti lake hajalivua, kama anayengoja kuambiwa. Mke wangu alimwona. Nami niliona amemwona. Akatembea mpaka benchi la nne, akavua koti, akalitundika. Akaivaa miwani ya dukani. Akafungua mkoba, akatoa kijaluba, akachovya kijiti, akainama juu ya mtutu.

Mazungumzo yalikatika benchi moja baada ya jingine, mpaka ikasikika chai inavyodondoka kwenye bakuli. Kapteni alikuja akasimama karibu yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama karabini inakwenda harusini.

Mke wangu hakuinua kichwa. "Mwambie ndiyo," akasema kwa Kiswahili, "na mchango wake bado hatujauona."

Nikatafsiri. Kicheko kikapita ukumbini kama upepo pale mtu anapofungua dirisha. Kapteni wa wageni naye akaja, akauliza kama kitu hicho kinaruhusiwa. Kapteni wetu aliinama, akalitazama jino kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasema baba yake alifanya kazi kwenye karakana za bunduki za mji huo, na kila alipokwenda kushindana alipitisha mshumaa chini ya vilengeo. Yeye mwenyewe, akiwa mtoto, ndiye aliyekuwa anaushika huo mshumaa. Hakuwa ameliona jambo hilo tangu mzee afariki. Kisha akajiweka sawa sweta, akasema linaruhusiwa, na watu warudi mahali pao.

Sikuweza kutazama karatasi. Nilimtazama yeye: bega linashuka, pumzi inatoka nusu, inasimama, na kidole kinakaza polepole kama anayevuta uzi wa mwisho wa kitobo. Sauti ya karabini ni ndogo, kofi moja tu la springi. Baada ya kila kofi alilitazama jino, si shabaha. Katikati ya mechi upindo wa mtandio wake uligusa masizi. Hakufadhaika. Alitoa kijiti, akapaka tena, akaendelea, na benchi la tatu likamsubiri.

Timu yetu ilishindwa, kwa kidogo sana, na haikushindwa kwa benchi la nne. Karatasi yake kapteni alizunguka nayo mwenyewe, akiwaonyesha wageni, bila kuiachia. Duara jeusi lilikuwa na tundu moja lililochanika, na kushoto kwake karatasi ilikuwa haijaguswa.

Watu walipoanza kukata keki, yule bwana wa kwenye hita alimsogelea mke wangu. Alimpa mkono, akampongeza kwa unyoofu, na kisha, kwa haya, akauliza kama msimu ukifunguliwa tena benchi la nne litakuwa na nafasi, maana alikuwa amesikia maneno kwamba anataka kumpisha mtu.

Mke wangu alikuwa amemwelewa vizuri. Hata hivyo alinigeukia mimi, kwa sababu kuna mambo mtu hupenda kuyasema kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo.

"Mwambie kiti kina mwenyewe," akasema.

Nilitafsiri kwa upole zaidi kuliko alivyosema. Bwana yule akaitikia kwa kichwa, akalivua koti lake hatimaye, akaenda kumuuliza kapteni habari za benchi la tano.